Ulimbo wa Bibi kwenye Nyaya za Injini

Harufu ya ulimbo uliochemshwa na mawese hunitia hasira mpaka leo. Watu wa mtoni, hapa Nyangwe, wanausifu kwamba unanukia. Wanazibia nyufa za mitumbwi nao, na mtoto akiuchezea anachapwa kwa sababu hautoki nguoni. Mimi nikiusikia nageuza uso. Na nitasema wazi, kwa umri huu nimwogope nani: bibi yangu mzaa mama alikuwa mgumu, baba yangu mgumu, na mimi ndiye niliyewekwa katikati yao.

Mnajua desturi yetu ya mkwe. Mwanamume hasemi na mama wa mke wake, hamtazami usoni, hataji jina lake, naye vilevile. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Sasa hao wangu walikaa ua mmoja, kwa hiyo kila neno lilipitia kwangu. "Ambia baba yako kuni zimeisha." Baba yuko palepale, amesikia, lakini anangoja nimfikishie. "Ambia bibi yako nimesikia." Naye amesikia pia. Meno yangu ya mbele yalikuwa bado kuota, na nilikuwa nimechoka kama mpagazi. Moyoni niliamini kabisa kwamba wanachukiana.

Baba alikuwa dereva wa mashua ya Mzungu mnunuzi wa pamba. Ilikuwa na injini ya nyuma, kuukuu, yenye betri na demareri, yaani ile mota ndogo inayoizungusha injini ukibonyeza kitufe. Kamba ya kuvuta kwa mkono ilishakatika, na Mzungu hakutaka kununua nyingine. Ukarimu wake ulikuwa wa matusi tu. Basi baba alipopeleka betri Kasongo kujazwa umeme, nyaya zilibaki wazi ndani ya mashua. Bibi alizaliwa kwa wachonga mitumbwi. Kwao, popote maji yanapoweza kuingia panazibwa, hapaulizwi. Akachukua ulimbo wake, akapaka vichwa vya nyaya vizuri sana, na safari hii hakunituma nimwambie mtu. Baba akarudi jioni, akafunga betri haraka haraka, akadhani weusi ule ni grisi yake mwenyewe.

Kesho yake mama alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mkunga akatoka ndani akasema yeye amefika mwisho, mama apelekwe hospitali ya Kasongo. Kupanda mto kwa makasia ilikuwa sawa na kumzika njiani. Tukamlaza ndani ya mashua. Bibi akakaa kichwani pake, na kikwembe kikatundikwa kati yake na baba, ili desturi isivunjike hata siku hiyo. Mnaona mambo yetu.

Baba akabonyeza. Injini ikazunguka polepole, nyee, nyee, kama mzee anayeinuka mkekani, ikasimama. Akafungua buji zote, yaani plagi za kuwashia, ili iwe nyepesi, bado polepole. Akagusisha kitaa kwenye betri, kikawaka vizuri. "Betri iko muzima, injini iko nyepesi," alinung'unika. "Umeme unapotea wapi?" Akashika waya penye nati, akaurusha mkono: palikuwa pa moto. Akaikaza nati kwa nguvu zake zote, akabonyeza tena. Nyee.

Nyuma ya kikwembe Bibi akaninong'oneza, "Ambia baba yako afungue ule waya." Nikamwambia. "Ambia bibi yako hii haiko mutumbwi," akajibu bila kugeuka. Bibi akafungua kinywa anitume tena, lakini baba akaninyooshea spana: "Usiniletee tena maneno yake." Mama alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililotutisha.

Bibi akakivuta kikwembe kikaanguka. Akamtazama baba usoni. "Ramazani, fungua. Ni mimi nilitia ulimbo."

Baba naye akamtazama. Nilikuwa sijawahi kuona macho yao yakikutana. "Wewe mwanamuke," alisema taratibu, "ulitaka kuua mutoto wako?"

Kisha akafungua nati, akakwangua kwa kisu ulimbo uliokuwa ukizuia umeme mpaka shaba ikang'aa, akafunga. Injini ikawaka mara moja. Tulifika, mama akapona, na ndugu yangu yupo, ana wajukuu.

Kwa kuvunja mwiko, baba alipeleka mbuzi na kitambaa cheupe, kama ilivyotakiwa. Bibi alipokea mbuzi. Akafunga mizigo yake, akahamia kwa mjomba, huko Kabambare, na mlango wetu hakuukanyaga tena. Baba hakumfuata. Miaka yote iliyobaki wangeweza kusemeshana, mwiko ulikwisha kuvunjika, lakini hakuna aliyenituma kwa mwenzake hata kuulizia kuni.

Mimi nilipopata mkwe wangu wa kiume, vijana waliniambia desturi hiyo ni ya kizamani, nimwite tu jina lake tuzungumze. Sikumwita. Zamani nilidhani wazee walituwekea ukimya ule kwa sababu wakwe hawapendani. Sasa najua waliuweka kwa ajili ya watu wawili wanaompenda mtu mmoja, ili siku ya hofu pasiwe na njia ya neno kama lile la baba kupita.