Safari ya Kumwomba Bi Echati Arudi Bungeni

Nilikwenda Johannesburg kwa sababu wanawake wa kisiwa chetu walinituma. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na katika kikao kilichofanyika shuleni kwangu walikubaliana kwamba hakuna wa kutusemea kama Bi Echati, mwanamke wa kwanza kutoka kisiwani kwetu kuingia bungeni. Alikuwa ameondoka Komoro miaka sita nyuma. "Mwalimu Zaliha, wewe ulikuwa katibu wake," waliniambia. "Hatakukatalia." Sikuwaeleza kwa nini mimi hasa sikustahili kumwomba chochote.

Ndani ya ndege nilikuwa na saa nyingi za kukumbuka. Bi Echati ndiye aliyehangaika mpaka tukapata boti ya wagonjwa. Mwaka uliofuata mama mjamzito alifariki akiisubiri, na mwenyekiti wa chama akatangaza kwamba mbunge aliichukua kwenda harusini. Haikuwa kweli. Siku hiyo boti ilimpeleka mtoto mwenye degedege hospitali ya kisiwa kikubwa, na mimi nilikuwamo, nimekaa ubavuni mwa Bi Echati. Mtoto na mama yake walikuwa wageni, hawakurudi tena kwetu. Nahodha alikuwa mpwa wa mwenyekiti, hangempinga. Kwenye mkutano mwenyekiti aliuliza kama yupo wa kumtetea mbunge. Nilitazama meza. Wiki ileile alikuwa ameniahidi ualimu mkuu, na niliupata.

Alasiri nilifika Bertrams, mtaa anaoishi Bi Echati huko Johannesburg, nikitetemeka kwa baridi. Dereva aliniteremsha baada ya robot ya pili, ndivyo waitavyo taa za barabarani, mbele ya nyumba yenye geti la kijani. Aliyenifungulia ni Mama Neema, msusi kutoka Bukavu anayeishi na Bi Echati.

"Ni wewe mugeni? Ingia, mama. Eish, na kanguo kepesi hivi! Echati iko ku kazi, atarudia saa kumi na moja."

Alirudi saa hiyo kweli, amejifunga skafu ya sufu, nywele zimeingia mvi. Alinishika mabega akanitazama. "Zaliha. Umenenepa," alisema, akacheka kidogo. Tulikula pap, ugali wa huko, na sombe, kisamvu cha Kikongo. Nilipotaka kumpa ujumbe aliinua mkono. "Kesho. Leo nipe habari za watu."

Asubuhi tulikwenda katikati ya mji. Anashona sare za shule kwenye ghorofa ya tatu ya jengo la zamani. Chini yake kuna kanisa, na nyimbo hupanda hadi kwenye cherehani. Kabla ya saa nne waliingia wauza mboga watatu, Warundi, na barua ya Kiingereza iliyowataka waondoke pembeni mwa barabara. Aliisoma mara mbili, akawafafanulia kila mstari, akawaandikia jibu zuri. Nilimwona tena yule mbunge wangu.

"Mama, twende pamoja ofisini, utusemee," mmoja alimwomba.

"Kuandika nitaandika. Kusema semeni wenyewe. Mimi niliacha kusemea watu."

Walipoondoka sikuweza kungoja zaidi. Nilimwambia wanawake wanamtaka, kisha nikamwambia lile langu. "Dada Echati, nisamehe. Nilijua ukweli, nikanyamaza."

Hakusimamisha cherehani mpaka alipomaliza mshono. "Siku ile nilikuwa nakutazama," alisema. "Nilidhani unatafuta maneno. Nikasubiri mpaka watu wakaanza kutoka."

"Nilitaka ile kazi."

"Najua. Nilikusamehe zamani, Zaliha. Lakini mama yangu aliacha kutoka nje kwa aibu, akafa, akazikwa mimi nikiwa huku. Nirudi nimwombe nani kura?"

"Sasa nifanye nini?"

"Nenda kwa mama wa yule mjamzito aliyefariki. Mwambie nilikuwa wapi siku hiyo. Hilo tu."

Siku ya tatu alinisindikiza hadi kwenye stendi ya teksi. Alinivalisha sweta lake, akanibusu mashavu yote mawili, akarudi kazini bila kugeuka nyuma.

Nilipofika nyumbani sikupitia shuleni. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Hadija, aliyempoteza binti yake. Nilisimulia yote, boti, mtoto, mkutano na cheo changu. Alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Miaka sita," alisema. "Kila nikimaliza kuswali namwapiza yule mwanamke. Kila sala. Na wewe ulikuwa unapita hapa mlangoni, unanisalimia."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Ijumaa niliwaeleza wanawake wote. Walisimama mmoja mmoja, wakaenda zao. Jumatatu nikaandika barua ya kuacha ualimu mkuu.

Nilidhani niliyemwumiza kwa kunyamaza ni rafiki yangu peke yake. Safari hii imenifundisha kwamba nilimnyima mama wa watu hata nafasi ya kumlilia mwanawe bila chuki, na kisiwa kizima nikakinyima mtu wake. Ukweli nimeusema, lakini nimeusema wakati ambao hauwezi tena kumrudisha yeyote.

Siku ya uchaguzi nilipewa karatasi yenye majina manne, yote ya wanaume, la mwenyekiti likiwa juu. Niliishika muda mrefu, mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nikaikunja bila kuweka alama, nikaitumbukiza sandukuni.