Maua ya Bonde la Kashio

Masuyo alirudi kutoka Kochi mjini, alikokwenda kumuuguza dada yake aliyevunjika nyonga. Akavua viatu mlangoni, na kabla hata ya kuteleka maji ya chai akaenda kulitazama kabati lake la picha. Droo ya chini ilikuja nyepesi mkononi. Ndani hamkuwa na kitu ila vipande vya kafuri alivyoviweka kufukuza nondo.

Humo ndimo zilimokaa picha za mimea ya Kashio, bonde alikozaliwa. Ilipotangazwa kwamba bonde litajazwa maji ya bwawa la umeme, wengine walihamisha makaburi ya wazee wao. Masuyo, msichana bado, alipanda na kushuka miteremko ile na brashi nyembamba kama unyusi, akichora kila kilichochanua: yungiyungi la miambani, kangaga za kando ya mto, na okidi moja ya mwituni, ndogo kama ukucha, yenye vinyweleo visivyoonekana mpaka jua lipige ubavuni. Alichora juu ya karatasi ya magome ya mforsadi, na kijana aliyemtengenezea karatasi hizo, Torakichi, ndiye aliyekuja kumwoa. Kisha maji yakapanda. Okidi ile haijaonekana tena popote.

Torakichi alikuwa uani, akibandika karatasi mbichi kwenye mbao zipate kukauka.

"Baba Kimie, picha zangu ziko wapi?"

"Pole na safari. Shemeji anaendeleaje?"

"Nimekuuliza picha."

Akaendelea kuilaza karatasi kwa brashi pana. "Nimempa Hatsue wa nyumba ya wageni. Amejenga ukumbi unaotazama ziwa, alitaka kitu cha Kashio. Nikaona zimefungiwa tu kabatini, hakuna anayeziona. Sasa hata watu wa Osaka wanaziona."

"Amezitundika?"

Torakichi akainamia ubao wake. "Ametengenezea taa."

Masuyo alivaa viatu vilevile vya safari, akateremka barabara ya ziwani kwa miguu.

Ukumbini wageni walikuwa wanakula samaki wa kuchoma. Juu ya kila meza ilining'inia taa ya pembe sita. Yungiyungi lilikuwa limekunjwa kwenye pembe. Okidi ilikuwa imekatwa katikati: ua kwenye taa ya dirishani, na shina na mizizi havikuonekana mahali popote. Joto la balbu lilikuwa limeanza kuibabua karatasi ikawa rangi ya chai. Masuyo akavuta kigoda, akapanda, akaanza kuzishusha taa moja baada ya nyingine.

Hatsue alitokea jikoni mbio, mikono ya kimono ikipepea. "Dada Masuyo, shuka tuzungumze. Wageni wanakula."

"Waache wale. Sili chakula chao mimi."

"Mumeo alinipa kwa mkono wake mwenyewe."

"Mume wangu kachora lipi hapa? Nionyeshe hata jani moja."

Mzee mmoja mgeni akauliza kulikoni. Hatsue akamwinamia kwa tabasamu. "Samahani, baba. Ni fundi wa taa."

"Mimi si fundi wa taa," Masuyo akasema kutoka kigodani. "Maua haya nimeyachora mimi. Na kwetu ni huko chini ya maji unayoyatazama ukila."

Mzee akaweka vijiti vyake vya kulia chakula chini.

"Mabaki yako wapi, Hatsue? Yale mliyokata?"

Sauti ya Hatsue ikapungua. "Tuliwashia moto wa maji ya kuoga. Nilidhani ni picha za kupambia tu."

Masuyo alirudi nyumbani na taa zile kwenye shuka aliyoianua mwenyewe kwenye kamba ya nyumba ya wageni. Torakichi alimngojea sebuleni, amepiga magoti, paji la uso kwenye mkeka.

"Nimekosa. Nitakutengenezea karatasi bora kuliko zile. Utachora upya."

"Nichore nikitazama nini? Nizame?"

Tangu siku hiyo Masuyo alihamishia matandiko yake chumba cha juu ya banda la karatasi. Alimpikia mumewe, akamfulia, lakini hakuchora tena juu ya karatasi yake. Alichukua ya mjane wa kijiji cha pili, nzito na yenye vifundo, na kijiji kizima kikajua. Kila majira ya baridi Torakichi alimwachia ngazini bunda la karatasi zake nyeupe kabisa. Masuyo akazitumia kuziba matundu ya milango ya choo iliyowambwa karatasi.

"Mama, baba amezeeka," binti yao Kimie alimwambia.

"Na mimi nimebaki mwari?"

Vipande vilivyosalia alivilowesha, akavinyoosha, akavibandika kwa uji wa wanga. Wilaya ilipoandaa maonyesho ya picha hizo, msimamizi alimwomba ajazie sehemu zilizokosekana, maana anazikumbuka. Masuyo akakataa. Akasema hajui kuchora majivu.

Siku ya ufunguzi Torakichi alikuja peke yake, amevaa koti la harusi ya Kimie. Akasimama mbele ya ua lile dogo lisilo na shina, akasimama sana. Masuyo alimwona kutoka nyuma. Hasira yake ilikuwa palepale, nzima.

"Sogea pembeni," akamwambia. "Na wengine waone."

Torakichi akasogea.