Maneno Niliyomwekea Mama wa Watu Mdomoni

Nilianza mimi. Nasema mapema ili usije ukafika katikati ukaanza kunionea huruma, maana kuna mahali mbele nitajifanya mnyonge, na mimi nikijifanya mnyonge huwa napendeza.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua video ya msichana wa darasani kwetu, aliyojirekodi jikoni kwao akionyesha namna ya kulaza vinywele vya mbele kwa mswaki wa zamani na mafuta. Nyuma yake anapita mama yake na aproni ya kazi ya usafi, anasimama, anasema maneno ya Kihispania kwa sekunde kama kumi, anaondoka. Msichana anacheka kidogo, anaendelea. Basi. Mimi nikakata ile sehemu ya mama, na chini yake nikaandika Kiingereza, kana kwamba natafsiri: "Binti yangu ana masharubu kuliko baba yake. Leo nimemsugua na dawa ya choo, bado hayajatoka." Nikaituma kwenye kundi la darasa wakati wa somo la jiografia, simu ikiwa chini ya meza, huku nikimwangalia mwalimu machoni kama mtu anayependa sana mito na mabonde.

Kihispania sikijui. Nilichojua ni kwamba na wenzangu hawakijui.

Hapo ndipo upumbavu wangu unapopita wa wengine, kwa sababu kutafsiri ndiyo kazi yangu. Tangu nina miaka tisa mimi ndiye ninayesema badala ya mama yangu hapa Birmingham. Mama alitoka Bukavu na Kiswahili chake, Kifaransa chake cha shule, na mimi mgongoni. Kiingereza kilimkataa. Alikwenda madarasa ya bure miezi miwili, akapata kazi kiwandani ya kufungasha saladi, zamu ikagongana na darasa, saladi ikashinda. Kwa hiyo barua za manispaa nasoma mimi. Kwa daktari nakwenda mimi. Watu wa gesi wakipiga simu nanenepesha sauti, nasema mwenye nyumba ni mimi. Na siku ya wazazi, mwalimu akinisema, ninayemtafsiria mama ni mimi mwenyewe, yaani mshtakiwa anapewa asome hukumu. Mwalimu anasema: anasumbua wenzake, mdomo haufungi. Mimi nasema: "Anasema nachangamsha darasa." Mama anaitikia kwa kichwa, "Merci, madame," tunarudi zetu mtaani kwetu Winson Green, kila mmoja na furaha yake.

Msichana mwenyewe alikuja tukiwa mwaka wa nane wa shule. Wazazi wake ni wa Ekwado, wakaishi Hispania, kazi zikaisha kule, wakaja huku. Mama yake anasafisha yale majumba makubwa ya Moseley yenye vyumba saba na paka mmoja. Wao wenyewe walipanga juu ya duka la kuku, mtaa wa Balsall Heath. Alikuwa na lafudhi, alikuwa na nyusi nene, na chakula cha mchana alikileta kwenye kopo la siagi. Vitatu hivyo vinatosha. Ilikuwa miaka ile watu wazima wanagombana kwenye televisheni juu ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, na watoto nao wakapata la kusema. Akiinua mkono darasani, mtu ananong'ona nyuma, "Wewe si tulishakupigia kura uende?" Nikacheka na wengine. Mimi, mtoto wa mkimbizi, nacheka mwenzangu akiambiwa arudi kwao. Kusema kweli nilikuwa nashukuru tu kwamba siku hiyo hawajanifikia mimi.

Lakini alikuwa na ukurasa wake mtandaoni. Nywele, kucha, namna ya kufanya sare ya shule ifanane na nguo. Nusu Kiingereza, nusu Kihispania. Wafuasi wa kwanza walikuwa mashangazi zake wa kule, wanaweka mioyo hata akikosea. Kisha wakaanza kuja wasichana asiowajua, wa miji mingine, wa nchi nyingine, wanamwuliza ni mafuta gani, ni mswaki gani. Shuleni hakuwa mtu. Mtandaoni walimwita dada. Siku moja mwalimu wa Kifaransa alituuliza mmoja mmoja tunapenda saa gani ya siku. Mimi nikasema saa ya kutoka. Yeye, kwa Kifaransa cha kuokoteza, akasema anapenda saa ya kurekodi, kwa sababu ndiyo saa mama yake yupo nyumbani. Darasa likacheka. Nadhani ndipo nilipopata wazo langu.

Video yangu ilizunguka shule nzima kabla ya chakula cha mchana. Nikawa mtu mkubwa. Wavulana wa mwaka wa kumi na moja, ambao kwa kawaida hunisalimu kwa kunisukuma, walinipigia makofi kwenye ngazi.

"Masharubu, za leo?" mmoja akamwambia msichana kwenye foleni ya chakula.

"Mama yako anauza ile dawa? Nina kaka anaihitaji."

Siku ya kwanza alicheka nao, kile kicheko cha mtu anayeomba yaishe. Siku ya pili mtu aliweka chupa tupu ya dawa ya choo kwenye kiti chake, yeye akaisogeza, akakaa. Siku ya tatu hakuja.

Aliporudi, ukurasa wake ulikuwa umekufa. Hakuufuta. Hakuweka kitu kipya, basi. Mashangazi waliuliza yuko wapi, hakujibu. Mwenzake wa dawati ndiye aliyeniambia, na hakunigombeza, alisema tu kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa.

"Mama yake aliiona. Ilibidi yeye mwenyewe amtafsirie ulichoandika."

"Si angemdanganya?"

"Si kila mtu ni wewe. Sasa akitoa simu, mama yake anatoka jikoni. Anakaa kwenye ngazi na koti lake mpaka amalize, asije akaonekana. Akajaribu mara mbili hivyo, ameacha. Anasema hawezi kurekodi mama yake akiwa kwenye ngazi. Labda ataufunga ukurasa kabisa."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Picha ya yule mama kwenye ngazi na koti haikuwa na sehemu ya kushika.

Wiki iliyofuata tuliitwa wote. Mwalimu mkuu msaidizi upande mmoja, msichana na mama yake upande mwingine, mimi na mama yangu katikati ya chumba kama mizigo isiyo na mwenyewe. Mama alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, alama ya kofia ya wavu bado imemchora kwenye paji la uso. Mama wa msichana hakufungua koti. Mkalimani wa kwenye simu hakupatikana, laini ilipiga muziki tu.

"Utamwambia mama yako mwenyewe, na utasema ukweli?" mwalimu akaniuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Akasema mengi. Kejeli. Kumdhalilisha mzazi wa mwenzako. Siku mbili za kukaa chumba cha adhabu. Kila akitua, ananitazama.

"Anasema nini, papa?" mama akauliza. Mama zetu huwaita watoto wa kiume hivyo, papa, yaani baba, hata kama baba mwenyewe hana maana.

"Anasema yule binti anatengeneza video."

"Ah bon," akasema, yaani kumbe.

"Kuna moja yuko na mama yake. Mimi niliweka maandishi."

"Wewe uliandika?"

"Mimi."

Mpaka hapo kila neno lilikuwa la kweli. Ningeweza kuendelea hivyohivyo, sentensi moja mbele. Lakini mama alikuwa ananiangalia na zile alama za wavu usoni, na mdomo wangu ukafanya ulichozoea.

"Watu wengi wameiona. Wameipenda. Ndiyo maana wamewaita, mjuane."

Mama akamtazama mama mwenzake. Akasimama, akafuta viganja kwenye sketi, akavuka chumba, akamshika mkono kwa mikono yake miwili kama wanavyosalimiana kanisani.

"Félicitations, maman," akasema. Hongera, mama. "Félicitations kwa binti."

Kifaransa na Kihispania ni watoto wa nyumba moja. Hongera ya huku na hongera ya kule zinafanana sura. Nililiona neno likimfika. Yule mama aliuacha mkono wake ndani ya mikono ya mama yangu. Akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena, na ile hasira aliyokuja nayo ikaondoka usoni. Ikabaki namna unavyomtazama mtu aliyeibiwa na yeye bado hajapapasa mfuko.

Msichana naye alielewa. Nikangoja. Sentensi moja ya Kifaransa, hata kile chake cha kuokoteza, ingenimaliza. Akafungua mdomo. Mama yake akamgusa goti. Akaufunga.

Mwalimu, ambaye naye hakuelewa chochote, alikuwa amelengwa na machozi.

"Mshukuru mama yako," akaniambia. "Kuomba radhi namna ile si jambo dogo."

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema asante."

Siku mbili nilikaa chumba cha adhabu nikitazama ukuta. Mama nilimwambia ni darasa la waliochaguliwa. Jumapili akawasimulia wamama wa kanisani kwamba mtoto wake anawaandikia watu video, wakasema amina. Jumatatu akakaanga maandazi, akayajaza kwenye kopo.

"Mpelekee ule mama."

Nilikula sita kwenye basi. Yaliyobaki nikawagawia watu niliotaka wanipende, na kopo nikaliosha kwenye choo cha shule.

"Wamesema je?" mama akauliza jioni.

"Wamesema matamu."

Akaligeuzageuza kopo. "Wameliosha. Ni watu wa adabu."

Nilikuwa naufungua ule ukurasa kila siku, sijui kwa nini. Labda nilitaka aweke kitu chochote, kucha, mswaki, nijue sikuua mtu. Wiki ya nne akaweka.

Ni jikoni palepale. Yeye amekaa, na pembeni yake amekaa mama yake, bila koti. Mama ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye ndani ya basi linalokata kona. Msichana anasema kwa Kiingereza, taratibu, lafudhi yake yote ikiwepo: mliona mtu akiandika chini ya mama yangu, leo naandika mimi. Kisha mama anarudia yale maneno ya sekunde kumi, na chini yanatokea. "Usikae hapo kwenye giza. Sogea dirishani, uso wako uonekane."

Hayo ndiyo aliyokuwa amesema. Alikuwa anamwekea mwanawe mwanga.

Chini ya Kiingereza kulikuwa na mstari mwingine, mdogo, wa Kifaransa. Makosa matatu ya wazi, kamusi inanukia. Sikuelewa ni wa nini, mpaka mama yake aliposema tena, akitazama simu moja kwa moja: "Kwa mama aliyenishika mkono pale shuleni. Nilijua hukuambiwa. Sina hasira na wewe. Na mimi pia husomewa kila kitu na binti yangu. Mwana wako aliandika mambo mabaya juu yetu, na pole kwamba ni mimi ninayekuambia."

Shuleni mambo yaligeuka kwa wiki moja. Watoto ambao mama zao ni wa Yemen, wa Poland, wa Mogadishu kupitia Nairobi, walijaza ukurasa wake na maneno ambayo mama zao huwaambia wakipita nyuma ya simu. Wavulana wa kwenye ngazi walirudi kunisalimu kwa kunisukuma. Yeye alihamia dawati la mbele. Hajawahi kunitukana. Akipita karibu yangu anapita kama mtu anayepita karibu na kiti.

Mimi nilijipa moyo kwamba mama hatumii huo mtandao. Nilisahau nina mdogo wangu wa miaka kumi, mwenye macho na asiye na huruma.

Jumamosi mchana nilimkuta mama mezani, simu ya mdogo wangu mbele yake. Video imesimama pale yule mama anapotazama simu. Mama alikuwa ameweka kidole gumba sehemu ya chini ya kioo cha simu, juu ya mstari wa Kifaransa. Kiingereza tu ndicho kilichoonekana.

"Papa, nisomee. Huyu mama anasema je?"

Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Akaniambia kwa Kiingereza, polepole, kana kwamba mimi ndiye mdogo, "Sema tu."

Nikayatazama yale maneno. Yalikuwa mafupi. Hata mtoto angeyasoma.

"Anakushukuru," nikasema. "Kwa maandazi."

Mama akaondoa kidole. Akakaa na ile video muda mrefu, midomo ikisoma kimyakimya, ingawa nilijua sasa kwamba alishaisoma. Akaizima simu, akamrudishia mdogo wangu. Akasimama, akaikunja kanga yake kiunoni, akaenda kuchukua bahasha iliyokuwa juu ya friji. Hakunipa niifungue.

"Hospitali wameniandikia, ni Jumanne," akasema. "Usiombe ruhusa shuleni. Nitaenda peke yangu, nitawaonyesha kwa kidole mahali panauma."