Jiko ilikuwa nje: venye Karanja alikufa kwa sababu ya mawe ya bahari, Thika

Wakuu, mko salama huko mliko? Mimi husoma tu humu, si mtu wa kuandika. Shule niliacha mapema, kwa hivyo mkiona makosa mnivumilie. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, na mwenye alikuwepo na anajua vingine aje anisahihishe hapa mbele ya watu.

Juzi mtu wa Kahawa Wendani aliuliza humu. Ako na tank ya samaki ya maji ya chumvi, anataka kubandika coral mpya, lakini jiwe limejaa vidude vingine na gluu haishiki. Mtu akamjibu, "Chemsha hilo jiwe, vitatoka vyenyewe."

Ndugu yangu, usichemshe. Soma hii kwanza.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mtu wa mkono kwa Gitau, tajiri mmoja wa Thika. Naandika jina lake juu yeye hakuogopa kutaja langu.

Gitau alikuwa na tank sebuleni, ndefu kama kitanda. Maji yake yalikuwa yanatoka Mombasa kwa mitungi. Sisi wafanyikazi mfereji ukikauka tunaomba maji kwa jirani, na samaki wake wanaletewa bahari.

Mwenye alikuwa anamletea hao samaki ni Wilson, alikuwa na duka Ruiru.

Kwa wenye hawajui, coral, yaani matumbawe, ukiiona utadhani ni jiwe ama mmea, lakini ni kitu hai. Ukiiweka tu juu ya jiwe, maji yataisukuma ianguke. Ikiangukia mwenzake wanachomana, moja inakufa. Ndiyo maana lazima ishikwe vizuri.

Hiyo kazi Wilson alinifunza, na sitamnyima haki yake, alikuwa na mkono mzuri. Unapangusa mguu wa coral na kitambaa mpaka ukauke. Unatia gluu, halafu putty ile ya kukanda ya mafundi wa mabomba, halafu gluu tena. Unakandamiza kwa jiwe, unazungusha kidogo, unashikilia. Ile nzito unaisaidia na uzi wa kuvulia samaki mpaka putty igande.

Lakini jiwe likiwa na utelezi ama vidude, ni kazi bure.

Na vidude vilikuwa vingi. Vidogo kama vifungo vya shati, vya kijani na kahawia, vinafunguka kama maua. Viliota kila mahali. Wilson mwenyewe ndiye aliwahi kuvileta.

Sasa Karanja.

Karanja alikuwa rafiki yangu wa Gatongora. Mimi ndiye nilimtafutia kazi kwa Gitau. Siku tunatoka kwao mama yake aliniita kando akaniambia, "Huyu ako na kifua tangu akiwa mdogo. Umwangalie." Nikamwambia, "Mama, usijali."

Jumamosi moja Wilson alileta coral kubwa. Gitau alikuwa na wageni kesho yake, anataka waikute imesimama. Wilson akaangalia mawe akatingisha kichwa.

"Hivi vifungo vyote vitoke. Chemsheni haya mawe, halafu mkwaruze na kisu yakiwa bado moto."

Nikamwambia, "Si ukae utuonyeshe?"

"Hapana, mimi hiyo harufu hainipendi. Nitarudi jioni."

Akaenda Ruiru. Wakuu, kumbukeni hayo maneno.

Jikoni tulikatazwa, ati tutanukisha nyumba. Kulikuwa na mvua, kwa hivyo tukaweka jiko ya makaa NJE, kwa veranda. Sufuria ikichemka tunaibeba mpaka stoo, tunafunga mlango mvua isiingie, tunakwaruza mawe huko. Jiko haikuingia stoo hata mara moja.

Karanja alikuwa mtu wa mzaha. Anainama juu ya sufuria anaonja hewa kama mpishi.

"Wee, hii supu tutakula na ugali ama na mkate?"

"Mpelekee Gitau."

"Gitau atasema imekosa chumvi!"

Tulicheka. Mvuke ulikuwa umejaa hiyo stoo mpaka ukuta unatoa jasho.

Kitu cha kwanza nilisikia ni mdomo. Ladha kama nimefyonza shilingi ya chuma. Halafu midomo ikafa ganzi. Nikamwambia Karanja, akasema hata yeye. Halafu akaanza kukohoa, na hakuacha.

Tulitoka tukaanguka kwa nyasi, kwa mvua. Natetemeka kama mtu wa malaria, kifua kimebana, naona lakini siwezi kusimama.

Wilson akarudi. Hakuuliza ni nani mgonjwa. Aliuliza, "Maji iko wapi?" Akafunga leso kwa pua na mdomo, akaingia stoo, akamwaga sufuria kwa mtaro. Mawe akayatupa kwa shimo la choo.

Halafu nikamwona, na macho yangu haya, akichukua jiko kwa veranda na kuiingiza ndani ya stoo. Gitau alikuwa amesimama mlangoni akiangalia. Wilson akapiga kelele ili majirani wasikie:

"Makaa ndani ya nyumba! Hawa vijana wanataka kujiua?"

Tukapelekwa hospitali. Daktari akaambiwa ni moshi wa makaa, akaandika moshi wa makaa. Nani angemuuliza juu ya mawe?

Mimi nilipona, kama hii kifua yangu ya sasa ni kupona. Karanja hakupona.

Nilitoka wodi siku ya mazishi, nikaenda hivyo hivyo. Gitau alikuwa ameleta sanduku zuri, akapewa nafasi aongee. Akanionyesha na kidole. "Huyu ndiye aliingiza makaa."

Nikasema jiko ilikuwa nje. Mzee mmoja akaniuliza, "Sasa kama si makaa, ni nini ilimuua?"

Nikasema ni yale mawe.

Watu walicheka, wakuu. Kwa kaburi. "Mawe ndiyo yanaua watu siku hizi?"

Nilipoinama nichukue udongo, mama Karanja akanishika mkono. "Wewe usimguse mtoto wangu."

Nimeishi na hayo maneno miaka yote hii. Natembea Gatongora watu wananyamaza. Kila mtu anajua makaa inaua, na ni kweli inaua. Kwa hivyo uongo wa Wilson ulikuwa mwepesi, na ukweli wangu hata mimi sikuweza kuueleza.

Mpaka juzi. Chini ya lile swali la mtu wa Wendani, mwingine aliweka maelezo. Vile vifungo viko na sumu, inaitwa palytoxin. Ukivichemsha, sumu inapanda na mvuke. Ladha ya chuma, ganzi, kikohozi, kutetemeka. Yote imeandikwa hapo, kama mtu alikuwa na sisi kwa ile stoo.

Nililia kama mtoto.

Jana nikaenda Gatongora na simu yangu. Mama Karanja amezeeka sana. Alikuwa nje ya mlango, amejifunika shuka, anachemsha chai kwa jiko kwenye baridi. Nilishasikia kwamba tangu tuzike Karanja, makaa haijawahi kuvuka mlango wake. Hata mvua ikinyesha anapikia nje na mwavuli.

Hakunifukuza. Nikamsomea pole pole, nikirudia. Nikamwambia tena juu ya veranda, na juu ya Wilson na leso yake.

Halafu akaniuliza, "Alikuwa anaongea nini, kabla?"

"Mzaha, mama. Ati supu."

Akacheka kidogo, akapangusa macho. Akasimama, akaingia ndani. Nikajua ni kwaheri. Kumbe hapana.

"Leta hiyo jiko ndani," akasema. "Kuna baridi."

Nikaibeba. Mlango nikauacha wazi kabisa, na dirisha pia.

Wa Wendani, kama jiwe limejaa vifungo, litoe lote uweke lingine. Usichemshe, usipige brashi, usikwaruze na mkono mtupu. Na mtu akikutuma kazi ambayo yeye mwenyewe hataki kusimama karibu nayo, muulize kwa nini.

Gitau alishakufa. Wilson sijui aliko. Kama unasoma, Wilson, nafasi ya kujibu iko hapa chini. Na nyinyi wengine pia andikeni, hata wa kucheka. Mimi nilishachekwa kwa kaburi.