Ile "Ku" Niliyoiacha Oyugis

Bendi yetu imerekodi albamu tatu, na katika zote tatu hakuna binadamu aliyemsikia mpiga ngoma wetu. Sisemi hakuwepo. Alikuwepo kuliko sisi wote. Kazi yake ni kutengeneza masanduku ya bati, yale wanafunzi hubeba wakienda bweni, na akipiga ngoma Migori, ng'ombe wa Tanzania huinua vichwa.

Sisi ni bendi ya roki nzito, ile ya gita za kunguruma. Tulianza zaidi ya miaka ishirini iliyopita, mpiga gita wetu, muuza mitumba wa Uriri, alipokuta kaseti ndani ya mfuko wa koti alilolitoa kwenye balo la nguo. Tuliisikiliza hadi utepe ukawa mwembamba kama utando wa buibui. Huku kwetu kila mtu alikuwa akipiga benga, na benga ni tamu, lakini sisi tulikuwa tumeshapotea. Majirani walisema tunasikika kama kinu cha posho kilichomeza jiwe. Tukaona ni sifa, tukaendelea.

Tuliimba Kiswahili kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Mimi mwimbaji ni Mjaluo, mpiga ngoma ni Mkuria, na mahali lugha zetu zinapokutana ni sokoni. Kwa hiyo Kiswahili chetu kilikuwa cha sokoni, cha kuelewana tu, kisichovaa tai. Wimbo wetu wa kwanza, ambao ndio watu hutuomba hadi leo, ni wa mvunja kokoto kando ya barabara. Kiitikio chake ni maneno mawili: "Siwezi choka." Nyundo inashuka kwenye "cho". Nyundo hiyo ni ngoma. Ukiondoa ngoma, unabaki na mtu anayelalamika.

Sasa sikia tulivyoirekodi hiyo nyundo. Albamu ya kwanza ilikuwa Migori, chumba nyuma ya duka la redio, maikrofoni moja. Ngoma zilifunika kila kitu, basi mwenye studio akamtoa mpiga ngoma nje kwenye veranda na kumfungia mlango. Kwenye kaseti anasikika kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu. Ya pili, Homa Bay, prodyuza alikuwa na kinanda kipya chenye ngoma ndani yake. Akabonyeza kitufe, akamwambia ndugu yetu apumzike. Alipumzika albamu nzima, ila alipiga makofi katika wimbo wa nne. Ya tatu, Kosele, walimzungushia magodoro na mablanketi asije akapasua vioo. Ukisikiliza utadhani kuna mama anapura maharagwe nyumba ya pili.

Hakuwahi kugomba. Aliniambia mara moja tu, tukinunua misumari, kwamba mamake alizisikiliza albamu zote tatu akamuuliza, mwanangu, wewe uko wapi hapa?

Mwaka huu bega lake la kulia likakataa. Masanduku, ngoma, umri. Daktari wa Homa Bay akamwambia ngoma basi, akiendelea atashindwa kuinua hata nyundo ya kazi, na nyundo hiyo ndiyo ugali wa nyumbani kwake. Akatuomba siku moja. Siku moja ya kuurudia ule wimbo wa kokoto, asikike, halafu ngoma aziache.

Tukapata studio Oyugis, ya mama mmoja anayerekodi kwaya za makanisa, mwenye masikio ambayo nadhani husikia nyasi zikiota. Tulifika asubuhi. Alimweka mpiga ngoma katikati ya chumba, akamtegea maikrofoni saba, hadi ndugu yetu akauliza kama anatakiwa kutangaza matokeo ya uchaguzi.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na elimu yangu.

Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni, kidato cha nne, darasa moja na watu wa rika la wanangu. Cheti changu kinaning'inia juu ya picha ya harusi, na mke wangu ameshaacha kuuliza. Mwalimu wa Kiswahili alinifundisha kwamba kitenzi kikifuata "weza" hudai "ku". Siwezi kwenda. Siwezi kulala. Siwezi kuchoka. Kalamu yake nyekundu ilinichinja miezi mingi, na siku nilipoielewa ile "ku" nilirudi nyumbani nikitembea kama chifu. Mwalimu huyo siku moja angeusikia wimbo wetu. Basi nikasogea mbele ya maikrofoni na kuimba kisomi: "Siwezi kuchoka."

Nyundo ikaangukia "ku".

Wimbo ulijikwaa kama mtu aliyekosea ngazi. Tukarudia. Mpiga ngoma akajaribu kuichelewesha nyundo, ikagongana na gita. Tukarudia. Akaongeza pigo moja, ikawa kokoto zinavunjwa na walevi wawili. Mara ya sita au ya sitini, sikumbuki, nilimwona ameulaza mkono wa kulia pajani, anausugua kwa wa kushoto. Mimi nikaanza kueleza kanuni. Niliieleza vizuri, na mifano nikatoa.

"Profesa," mpiga ngoma akasema, "hiyo 'ku' yako inakula mkono yangu."

"Ndiyo sarufi, omera, ndugu yangu. Watu watatucheka."

"Miaka hii yote wameimba na sisi. Kuna mtu alikuja kukuuliza 'ku' iko wapi?"

Nikamwambia wakati huo sikuwa na cheti.

Akatabasamu. "Basi iache nje kwa mlango. Mimi nimekaa huko, si pabaya."

Mama wa studio ghafla akaona waya wa kufunga. Mimi nilikosa pa kuweka uso. Nilikuwa naogopa kalamu ya mtu ambaye hata hakuwepo, na mbele yangu kuna mtu anatumia bega lake la mwisho, nami nalitafuna kwa silabi moja. Nikamuuliza mkono umebaki na mara ngapi. Akaukunja, akaukunjua, akasema labda mara moja. Nikamwambia tupige hiyo moja.

Nikaimba kama mtu wa sokoni, na nyundo ikashuka kwenye "cho".

Sijui nieleze vipi. Kokoto zilipasuka. Naapa Oyugis nzima ilisimama, na makondakta wakanyamaza stegini, jambo ambalo halijatokea tena. Alipopiga pigo la mwisho fimbo zilimtoka zenyewe, wala hakuinama kuziokota.

Tulikaa kwenye benchi moja kusikiliza. Wimbo ulipoisha, mpiga ngoma alimgeukia mama wa studio kwa heshima zote.

"Mama, unaweza toa huyu profesa? Toa na gita. Nibaki mimi."

Mama akatuzima mmoja mmoja, mimi wa kwanza. Nimeimba harusini, nimeimba kwenye harambee, nimeimba hadi mbuzi wakakata kamba, na sijawahi kufurahi kama siku hiyo niliyozimwa. Tulisikiliza ngoma tupu, dakika nne, mara tatu. Mara ya tatu ndipo nilipogundua jambo. Kabla ya kila kiitikio anaizuia nyundo kidogo, kidogo sana, kiasi cha mtu kumeza mate. Nikamuuliza ni kwa nini.

Akasema mimi huchelewa kumaliza mstari, tangu siku ya kwanza, kwa hiyo yeye hunisubiri.

Nikamkumbatia, maana asante ilikuwa ndogo mno. Akaniambia, "Polepole, bega."