Gia ya nane kwenye kilima cha Makindye

Kampala hii hakuna gia ya trela inayonishinda mimi!

Sawa, huo ni uongo. Iko moja, na imenishinda sasa hivi, watu wakitazama.

Mama Furaha, yule Mkongo anayeuza sabuni, alikuwa ananijaribu. Nikipandisha trela lake hadi juu Makindye bila injini kuzima, safari ya Goma ni yangu.

Nilikuwa kwenye ya tano, naimba. Kilima kikakaza. Nikarudi ya nne kama tulivyozoea kwenye malori ya zamani: klachi, toa, klachi tena, ndani!

Kumbe hapa ya nne na ya nane zinakaa shimo moja. Kuna kidude kwenye kichwa cha gia, lazima ukishushe kwanza. Mimi sikukishusha, badala ya ya nne ikaingia ya nane.

Injini ikakohoa, ikanyamaza. Banange!

"Papa, gari imekufa?"

"Haijakufa, mama. Imepumzika."

"Basi na mimi napumzika. Nikimaliza gonja moja na gari iko bado hapa, natafuta dereva mwingine."

Ameshuka, anakula hiyo ndizi yake ya kuchoma huku ananikodolea macho. Muuza gonja ameweka jiwe nyuma ya tairi, breki nimevuta, lakini mguu wangu unakataa kutoka kwenye pedali. Nyuma ni honi tupu.

Mnaocheka, chekeni polepole.

Musoke wa gereji ya Kisenyi, najua unasoma. Kitanda chako cha harusi nilikibeba bure kutoka Kansanga. Panda boda, uje unishushie hicho kidude tu, mimi kimenigomea. Usukani niachie mwenyewe.

Fanya haraka. Gonja imebaki nusu.