Hewa Iliyobaki kwenye Mpira

Kiwandani wanamwita Matone, na jina lenyewe alijitakia. Mtu mzima mwenye wajukuu, lakini utamkuta ameinama mbele ya kikombe cha kioo kando ya mota, jicho kalikodoa, anatazama mafuta yanavyodondoka kuingia kwenye hewa. Tone likichelewa, anakunja uso kama aliyetukanwa. Anageuza skrubu kidogo, anatazama tena, kisha anaondoka zake bila kumuaga mtu.

Kiwanda ni cha rangi za kupaka nyumba. Katika chumba cha kuchanganyia, harufu ya thina imetanda, na cheche moja ya umeme inaweza kuwapeleka wote kwa Muumba kabla ya saa ya chai. Ndiyo maana mapanga ya kukoroga rangi huzungushwa na mota za hewa, hewa inayosukumwa kwa nguvu kupitia mipira minene kutoka kwenye kompresa ya nje. Ndiyo maana pia simu zote huachwa kwa mlinzi wa getini, ya bosi ikiwemo, anune asinune.

Mota ya hewa haina makuu. Inataka hewa kavu na mafuta mepesi, kidogo kidogo, bila kukosa. Ndani yake mna vibao vyembamba vinavyoingia na kutoka. Ukiinyima mafuta vinasagika. Ukiipa mafuta mazito vinanata, na mota inagoma. Sasa kuna fundi mmoja wa zamu nyingine, Mungu anamjua, aliyejaza kile kikombe mafuta ya gia kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu. Asubuhi yake mota ya pipa kubwa ikakwama, rangi ikagandia kwenye mapanga.

Kazi ya kuikwamua ilimwangukia Matone na shemeji yake, mume wa mdogo wake. Matone ndiye aliyemtafutia shemeji kibarua pale na kumwekea dhamana ya mdomo. Shemeji ni mchapakazi, ila kwa ubishi hajambo. Ukimwambia leo Jumatatu, atakuuliza nani kasema.

Matone akafunga koki ya hewa. Njia inayotakiwa ilikuwa kufungua mpira kwenye mota na kutia mafuta ya kuyeyushia uchafu pale pale hewa inapoingilia. Lakini nati ilikuwa imekaza, na njaa nayo ilikuwa inamkwangua tumbo. Akayatia kwa nyuma, kwenye tundu la kutolea hewa.

"Shemeji, dawa imeshaingia," alisema akifuta mikono. "Wakati inafanya kazi, wewe kwangua hayo mapanga. Mimi nakwenda kutia kitu tumboni."

"Nenda. Uniwekee nafasi tu, maana chakula najua hutabakiza."

Alikwenda kantini akicheka. Alikuwa ameshameza tonge la kwanza aliposikia, nyuma ya ukuta, mtu akizima mota ya pipa jingine. Ile mota ilipunguza mwendo, ikakoroma, ikanyamaza. Watu wa kiwanda kile wote wanaujua mkoromo huo. Ukifunga koki, mota huimaliza hewa iliyobaki kwenye mpira, na ikishakoroma unatia mkono bila wasiwasi. Wamefanya hivyo miaka nenda rudi, na hakuna aliyewahi kudhurika.

Lakini mota yake haikukoroma. Ingekoromaje nayo imekwama? Hewa yote ilikuwa bado imejaa kwenye mpira ambao hakuufungua, inasubiri vibao vilegee, na yeye mwenyewe ndiye aliyetia dawa ya kuvilegeza. Na shemeji alikuwa na mikono ndani ya pipa, katikati ya mapanga.

Simu yake ilikuwa getini, na hata angekuwa nayo angempigia nani? Aliacha sahani na kiatu kimoja, akatoka mbio, magoti yake mabovu yakimlilia njia nzima. Mpishi alimwita, hakugeuka. Alikuwa anamwona mdogo wake tu, na maneno ya kumwambia hana.

Alipofika mlangoni alimkuta shemeji ameinama, mkono wa kulia umezama pipani hadi begani, anaimba. Matone alitaka kupiga kelele, akajizuia. Mtu akishtuka hushika kilicho karibu, na kilichokuwa karibu ni panga.

"Shemeji," alisema polepole. "Toa mkono."

Huyo mbishi, kwa mara ya kwanza tangu aoe, hakuuliza nani kasema. Alimtazama usoni mara moja, akautoa.

Matone aliokota ubao, akalisukuma panga kidogo tu. Mota ilishtuka, panga likazunguka kwa nguvu likaukata ubao vipande viwili, kisha ikakoroma, ikanyamaza.

Matone akakaa sakafuni kwenye madoa ya rangi. Shemeji alivua glovu iliyoingia rangi, akavitazama vidole vyake, akavikunja na kuvikunjua.

"Nimekuachia hewa," Matone alisema. "Mimi. Si mtu mwingine. Ningekukata mkono, shemeji."

"Hujanikata."

"Kwa chupuchupu."

"Basi kwa chupuchupu," alisema shemeji. "Amka bwana, unakalia rangi."

Wakacheka, na Matone akalia hapo hapo, machozi na kicheko vikichanganyika, wala hakuona haya. Mchana ule walifanya kila kitu inavyotakiwa. Walilegeza nati taratibu wamevaa miwani, hewa yoyote iliyobaki itoke upande usio na mtu. Waliusafisha uchafu wote, wakatia mafuta mepesi, wakaiwasha mota kwa hewa kidogo huku nyuso zao ziko pembeni na tundu la nyuma limefunikwa kitambaa, maana hapo hutema mafuta machafu. Matone akamwendea bosi kuomba kila mpira uwekewe kikoki chake cha kutolea hewa, na kwa jinsi alivyomkazia macho, bosi hakuthubutu kumpiga kalenda.

Jioni alipitia nyumbani kwa mdogo wake. Alikuwa amejiandaa kumweleza yote, lakini mlangoni alikuta mengine. Shemeji alikuwa mezani, ameshaanza kula. Mdogo wake alisimama kando, mkono kiunoni, amefura.

"Dada, afadhali umekuja," alisema. "Hebu itazame mikono ya huyu mtu! Imejaa rangi mpaka kwenye kucha, na kitambaa changu cha meza nimekifua leo!"

Matone aliitazama.

"Naiona, mdogo wangu," alisema. "Yote miwili."